Buti au raba, sufu au poliesta: kuchagua mavazi na vifaa vya safari ndefu ya miguu

Mwulize mtu aliyetembea miezi mitano mfululizo uvae nini, atakutajia alichovaa yeye. Mwulize wa pili, atakutajia kinyume chake, na wote wawili walifika salama. Ndiyo maana anayejiandaa huishia na orodha kumi mkononi, kila moja ikiipinga nyenzake. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: kilichokuwa chepesi mgongoni mwa fulani hakikuambii kitakavyokuwa mgongoni mwako. Kwa hiyo sitakuongezea orodha ya kumi na moja. Nitaviweka vitu viwili viwili, pengine vitatu, nivipime kwa vipimo vilevile, nawe uchague kulingana na njia utakayoipita na mwili ulio nao.

Safari ninayoizungumzia ni ile ya kuishika njia moja tangu mwanzo hadi mwisho. Appalachian Trail ya Marekani, kutoka Georgia hadi Maine, ina kilomita zipatazo 3,500. Pacific Crest Trail, kutoka mpaka wa Meksiko hadi mpaka wa Kanada, inakaribia kilomita 4,270, na humo utakutana na jangwa, theluji na misitu yenye mvua nyingi. Te Araroa ya New Zealand ni kama kilomita 3,000, zenye mito ya kuvuka kwa miguu na matope yasiyoisha.

Tofauti ya safari hizi na matembezi ya siku mbili siyo urefu peke yake. Kwenye matembezi ya siku mbili ukilowa unarudi nyumbani, unaanika, yameisha. Kwenye safari ndefu hakuna nyumbani. Soksi iliyolowa leo saa kumi jioni ndiyo utakayoivaa kesho alfajiri, na kesho kutwa vilevile. Swali ninaloliweka mbele ya mengine yote ni hili: kitu hiki kikilowa, kesho asubuhi kitakuwa katika hali gani?

Vipimo vinne

Cha kwanza basi ni maji. Maji hupitisha joto takriban mara 25 zaidi ya hewa iliyotulia, kwa hiyo nguo mbichi hunyonya joto la mwili upesi mno. Joto la ndani la mwili likishuka chini ya nyuzi 35 za Selsiasi, maisha yamo hatarini, na hilo halihitaji theluji: mvua, upepo na uchovu vinatosha hata pale kipimajoto kinaposoma nyuzi 10. Tena maji siyo ya mvua tu. Jasho hulowesha kutokea ndani, na vingi vinavyozuia mvua isiingie huzuia pia jasho lisitoke.

Cha pili ni uzito. Watembezi hupima uzito wa msingi, yaani mzigo wote ukitoa chakula, maji na fueli. Wanaosafiri wepesi kabisa hulenga chini ya kilo 4.5. Mwenye kilo 8 au 9 bado atatembea vizuri, ila magoti yake yatamkumbusha kwenye miteremko.

Cha tatu ni uhai: kitadumu kilomita ngapi kabla ya kuchanika, kulegea au kuisha soli? Cha nne ni matunzo: je, utaweza kukikausha, kukifua, kukishona au kupata kingine ukiwa njiani, siku nne mbali na barabara?

Pamba sikuiingiza katika mashindano haya. Hunywa maji mengi, hukauka polepole, na ikishalowa haikupi joto. Inafaa mahali pamoja tu: jangwa kavu mchana, ambako shati la pamba lililolowa jasho hupoza mwili. Jua likishatua hata huko uwe na nguo nyingine.

Viatu: buti au raba

Hapa nitakaa, kwa sababu mguu ukishindwa vingine vyote havina kazi.

Buti ninazozilinganisha ni zile zinazofunika kifundo, za ngozi au kitambaa kigumu, zenye utando wa ndani wa kuzuia maji. Raba ni zile za kukimbilia njia za milimani: juu wavu mwepesi, chini soli yenye meno, na hazizuii maji hata kidogo.

Tuanze na maji. Buti zenye utando hukaa kavu kwenye umande, matope mepesi na mvua ya saa moja mbili. Ukivuka mto wa magotini, maji huingilia juu, na utando uliokuwa ukiyazuia nje sasa huyafungia ndani. Buti za hivyo huweza kuchukua siku mbili au zaidi kukauka. Raba hulowa dakika ile ile ya kwanza, lakini kila hatua huyakamua maji yatoke wavuni, na jua likiwepo huwa zimekauka ndani ya saa chache.

Nakumbuka asubuhi moja baada ya siku tatu za mvua. Nilikuwa na buti, mwenzangu na raba. Usiku nilikuwa nimeitunza jozi moja ya soksi kavu kifuani, ndani ya mfuko wa kulalia, kama mtu anayetunza yai. Nilipoingiza mguu kwenye buti, bitana ilizilowesha soksi zile kabla sijamaliza kufunga kamba. Kufika adhuhuri ngozi ya kisigino ilikuwa nyeupe, imekunjamana kama vidole vya mtu aliyefua kutwa nzima, na ngozi ya namna hiyo huchunika kwa msuguano mdogo sana. Mwenzangu alivaa raba zake zilizokuwa baridi, akalalamika nusu saa ya mwanzo, na jua lilipochomoza miguu yake ikakauka akiwa anatembea. Ila haki itendeke: wiki mbili baadaye tulipanda penye theluji laini, na ni yeye aliyelazimika kusimama kila mara kuvipasha vidole vyake joto kwa viganja, mimi nikimsubiri na miguu yangu mikavu.

Uzito wa mguuni si sawa na wa mgongoni, kwa kuwa unaunyanyua na kuushusha katika kila hatua. Vipimo vya nguvu ambazo mwili hutumia vimeonyesha kwamba kilo moja mguuni huchosha takriban kama kilo nne hadi sita mgongoni. Jozi ya buti nzito hufika kilo 1.3 na kupita. Jozi ya raba mara nyingi ni kati ya gramu 550 na 700. Katika safari ya hatua zipatazo milioni tano, tofauti hiyo utaihisi nyongani kabla hujaihisi kwingine.

Kwenye uhai buti hushinda. Raba huchoka baada ya kilomita 500 hadi 800: sponji ya kisigino hulala, meno ya soli hulainika, wavu hupasuka pale kidole kidogo kinapokunjika. Kwa Appalachian Trail nzima hesabu jozi tano au sita. Buti nzuri huenda kilomita 1,500 na zaidi, na zile za ngozi zilizoshonwa vizuri hubadilishwa soli zikaendelea. Hata hivyo buti hudai wiki kadhaa za kuzoeana na mguu kabla ya safari, mafuta ya ngozi kila baada ya muda, na kamwe usizikaushe karibu na moto, maana gundi huachia na ngozi hukakamaa. Raba hazidai chochote ila jozi nyingine ikusubiri mbele.

Kuhusu kifundo cha mguu, wengi hununua buti wakiamini haitateguka. Buti ndefu hukisaidia kifundo, hasa mzigo ukiwa mzito, lakini haikitii kinga ya uhakika. Misuli iliyozoezwa na fimbo mbili za kutembelea hufanya kazi kubwa zaidi. Mwaka 1955 Emma Gatewood, akiwa na umri wa miaka 67, aliimaliza Appalachian Trail kwa raba za turubai, mfuko aliojishonea akiutundika begani, na pazia la plastiki la bafuni kama kinga ya mvua. Alikuwa mwanamke wa kwanza kuimaliza peke yake kwa msimu mmoja. Simtaji ili umwige viatu vyake. Namtaja ili ujue kwamba mguu uliozoea njia hubeba mengi kuliko tunavyodhani.

Buti zinamfaa anayepita kwenye theluji, mawe makali au baridi ya kudumu, mwenye mzigo wa zaidi ya kilo 15, au mwenye kifundo kilichowahi kuumia. Raba zinamfaa mwenye mzigo mwepesi kwenye njia yenye joto, au yenye mito mingi ya kuvuka. Vyovyote vile, miguu huvimba na kutanuka baada ya wiki za kutembea. Nunua namba iliyozidi kwa nusu au nzima, na ukijaribu viatu vijaribu jioni. Kucha zikigonga mbele kwenye mteremko, viatu hivyo viache dukani.

Soksi ni jambo fupi: mbili za kutembelea, moja ya kulalia. Ya kulalia haiguswi mchana hata iweje.

Nguo ya ngozini: sufu ya merino au poliesta

Merino ni sufu nyembamba isiyowasha. Nyuzi zake hufyonza unyevu unaokaribia theluthi ya uzito wake kabla hujahisi ubichi, na hata ikiwa na unyevu bado hukupa joto. Poliesta hufyonza chini ya asilimia moja. Maji hukaa juu ya nyuzi, kwa hiyo ikikamuliwa na kupata upepo hukauka mwilini haraka sana. Kwa hiyo mvua ikikata, poliesta huwahi. Mvua isipokata, merino hukuvumilia.

Uzito haupishani kwa kiasi cha kukukosesha usingizi. Kwenye uhai ndiko kwenye pengo. Fulana ya merino nyembamba, ya gramu 150 kwa mita ya mraba, hutoboka mabegani chini ya mikanda ya mkoba na kiunoni inaposuguliwa na mkanda wa nyonga. Nimewahi kuitazama yangu ikiwa imeshikwa juu ya taa: mgongo mzima ulikuwa kama chujio. Poliesta inaweza kukupeleka mwanzo hadi mwisho na ikabaki nguo, ila cheche moja ya moto huiyeyusha, ilhali sufu huungua taratibu bila kuyeyukia ngozini.

Harufu itakuhusu kuliko unavyofikiri. Merino huvaliwa siku tano sita bila kuwasumbua watu. Poliesta hunuka siku ya pili, na baada ya miezi hunuka hata ikiwa imetoka kufuliwa. Anayelala peke yake porini hilo halimdhuru. Anayelala kwenye vibanda pamoja na watembezi wenzake atalitilia uzito. Kuna vitambaa vilivyochanganywa, sufu pamoja na nailoni, ambavyo hupunguza matobo bila kuipoteza sifa ya sufu yote. Kwa maoni yangu vinastahili kuangaliwa kabla ya hivyo viwili vikiwa vitupu.

Penye jua kali, juu ya fulana yoyote au badala yake, vaa shati jepesi la mikono mirefu lenye kola na vifungo. Hukuepusha na kubeba chupa nzima ya mafuta ya jua, na mbu hupata shida zaidi kulipenya kuliko merino nyembamba.

Joto la kituoni: manyoya ya bata, nyuzi za kiwandani, au flisi

Koti hili huvaliwa ukiwa umesimama: jioni unapopika, asubuhi kabla ya kuondoka. Ukilivaa ukipanda mlima utalilowesha kwa jasho, liwe la aina yoyote ile.

Manyoya laini ya bata hushika hewa nyingi kwa uzito mdogo. Ubora wake husomwa kwa namba, kwa kawaida kati ya 600 na 900, inayoonyesha jinsi manyoya ya uzito mmoja yanavyoumuka. Namba ikipanda, joto lilelile hupatikana kwa gramu chache zaidi. Yakishindiliwa mkobani huumuka tena ukiyatoa, miaka kwa miaka. Udhaifu wake ni huo wa maji. Yakilowa hushikana vibonge, ukilipapasa koti unakuta mifuko mitupu yenye mipira midogo pembeni, na joto limekwisha. Manyoya yaliyotiwa dawa ya kukataa maji huchelewa kufika huko, hayaepuki kufika.

Nyuzi za kiwandani zikilowa hubaki na sehemu ya unene wake, ukizikamua zinaanza kukauka, na kuzifua si kazi. Bei huwa nafuu. Lakini kwa joto lilelile ni nzito na nene zaidi, na kila asubuhi unapozishindilia hupoteza kidogo ya uvimbe wao usiorudi. Koti lililokupa joto mwezi wa kwanza huwa jembamba mwezi wa nne, na kwa safari ndefu hilo ni jambo zito.

Flisi, kitambaa laini chenye vinyweleo kama blanketi, inasimama kando kidogo. Haizuii upepo na hujaza mkoba, lakini unaweza kutembea nayo, jasho hupita, na ikilowa unaikung'uta tu. Uhai wake ni mrefu kupita zote tatu.

Manyoya yanamfaa wa nchi kavu na baridi, na mtu mwangalifu atakayeyatunza ndani ya mfuko usiopitisha maji bila kusahau hata siku moja. Nyuzi zinamfaa wa nchi ya mvua na ukungu, au anayejijua kuwa jioni akichoka hutupa vitu ovyo. Flisi inamfaa anayehisi baridi hata akitembea. Wengine hubeba flisi nyepesi na koti jembamba la manyoya pamoja, na mimi huona ni mpango wenye akili kwa njia inayobadilika hali ya hewa, mradi jumla isipite nusu kilo sana.

Mvua: koti lenye utando, ponjo, mwavuli

Ahadi ya koti lenye utando ni kwamba vitundu vyake ni vidogo kuliko tone la maji na vikubwa kuliko mvuke wa jasho. Ahadi hiyo ni ya kweli, ila ina masharti. Kitambaa cha nje kina dawa inayoyafanya maji yaviringike yaanguke. Uchafu, mafuta ya ngozi na msuguano wa mikanda huimaliza dawa hiyo, maji hutandaa juu ya kitambaa, na mvuke hukosa njia ya kutoka. Hapo watu husema koti linavuja, kumbe wamelowa kwa jasho lao wenyewe. Lifue kwa sabuni yake, lipashe moto kama lebo inavyoelekeza, dawa huamka tena kwa muda. Ikiisha kabisa, ipake upya. Kwenye safari ya miezi mitano tarajia kulifanyia hivyo zaidi ya mara moja. Ukinunua, tafuta zipu za makwapani: hutoa joto kuliko utando wowote.

Ponjo ni kitambaa kimoja kinachokufunika wewe na mkoba wako. Hewa hupita chini kwa wingi, kwa hiyo hulowi jasho, uzito ni mdogo, hakuna dawa ya kutunza, na baadhi hugeuzwa turubai la kulalia. Upepo ndio adui yake. Kwenye uwanda wa juu hukupiga usoni kama tanga lililokatika kamba, na kwenye kichaka cha miiba halitoki zima.

Mwavuli mwepesi unashangaza kwa faida zake mahali palipo tulivu: huna jasho, miwani haipati ukungu, na jangwani hukupa kivuli unachotembea nacho. Upepo ukivuma au matawi yakibana, ufunge. Kwa hiyo mwavuli ni nyongeza, usiuchukue ukiwa kinga yako pekee.

Mkoba wenyewe ukinge kwa ndani: mfuko mkubwa wa plastiki nene, vitu vyote ndani, mdomo umesokotwa. Vifuniko vya nje hupeperushwa, na mvua inayoteremka mgongoni haviizuii.

Usiku: mfuko wa kulalia au mfarishi

Mfuko wa kulalia wenye zipu hufunga joto pande zote na humfaa anayejigeuza sana au anayehisi baridi. Mfarishi hauna mgongo, kwa hoja kwamba kijazo unachokilalia hubonyea na hakikupi joto; hukuokolea gramu mia kadhaa, na usiku wa joto unaufunua kama blanketi. Ukiukosea kuufunga pembeni, upepo huingia kila unapogeuka. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake: lala angalau usiku tatu wa baridi na mfarishi kabla ya kuuamini.

Unaposoma lebo ya joto, vipimo vya kimataifa hutoa kiwango cha starehe na kiwango cha chini kabisa cha kustahimili. Nunua kwa kile cha starehe. Maduka mengi huandika kile kingine kwa herufi kubwa. Na chochote utakachochagua hakina thamani bila kitu cha kutandika chini. Magodoro hupewa thamani ya R, yaani kipimo cha jinsi yanavyozuia baridi ya ardhi, ambayo tangu 2020 makampuni mengi huipima kwa njia moja, kwa hiyo unaweza kuyalinganisha kwa haki. R ya 2 inatosha kiangazi. Ardhi ikikaribia kuganda tafuta 4 na kuendelea. Godoro la kupuliza ni laini na lina joto, ila mwiba mmoja hulimaliza. Mkeka wa sponji ni mgumu na hujaza nafasi, lakini hata ukitoboka bado ni mkeka.

Malazi: hema la kuta mbili, la ukuta mmoja, turubai, bembea

Pumzi ya mtu mmoja usiku kucha hutoa mvuke wa kutosha kulowesha hema. Hema la kuta mbili huutoa mvuke nje ya chandarua, ukagandia ukuta wa nje, nawe usiuguse. Lina uzito wa kilo moja na robo hadi mbili kwa mtu mmoja. La ukuta mmoja, linalosimamishwa kwa fimbo za kutembelea, hufika nusu kilo hadi gramu 900, lakini asubuhi ukuta umelowa ndani na mfuko wako wa kulalia unaugusa miguuni. Mwenye kijazo cha manyoya alizingatie hilo kabla ya kuvutwa na wepesi. Turubai hupitisha hewa kuliko vyote, jepesi kuliko vyote, na hudai ujuzi wa kusoma upepo na uvumilivu kwa wadudu. Bembea ya kulalia ni raha ya mgongo penye miti na haijali ardhi ya mawe au mteremko. Chini yake itundikiwe mfarishi wa pili, la sivyo hewa ya chini itakuamsha. Penye jangwa au juu mlimani ambako miti haioti haina pa kufungwa.

Kitambaa nacho kina tabia yake. Nailoni ikilowa hulegea, utaamka usiku kukaza kamba. Poliesta hulegea kidogo sana. Dainima, kitambaa chepesi cha nyuzi imara sana, hainywi maji wala kulegea, na bei yake hukuambia hivyo.

Mkoba uje mwisho

Usinunue mkoba kwanza. Kusanya vyote, vipime, viweke kwenye boksi, ndipo ujue lita ngapi zinahitajika. Mkoba usio na fremu, yaani fito ngumu za mgongoni, unapendeza mzigo wote, chakula na maji vikiwemo, ukiwa chini ya kilo 10 hivi. Zaidi ya hapo mabega huanza kubeba kazi ya nyonga. Wenye fremu huongeza nusu kilo hadi kilo moja na kuuhamishia mzigo kwenye mkanda wa kiunoni, na sehemu zenye siku sita au saba bila duka utaushukuru. Muhimu kuliko aina ni urefu wa mgongo wako, kutoka pingili inayotokeza shingoni hadi usawa wa mifupa ya nyonga. Mtu mfupi anaweza kuwa na mgongo mrefu.

Chagua kwa hali yako

Kama njia yako ni ya mvua, mito na matope: raba, poliesta au mchanganyiko wenye sufu, koti la nyuzi au flisi, koti la mvua lenye zipu za makwapani, hema la kuta mbili. Utabeba kilo moja zaidi ya mwenye orodha ya jangwani, na usiku wa nne wa mvua utaona kilo hiyo imefanya kazi gani.

Kama ni kavu, yenye jua mchana na baridi usiku: raba, shati la mikono mirefu, manyoya ya bata, mfarishi, hema la ukuta mmoja au turubai, na mwavuli. Kinga ya mvua iwe nyepesi, lakini iwepo.

Kama ni ya milima mirefu yenye theluji iliyobaki: buti au raba pana zenye soksi nene na akiba ya vifaa vya kung'atia barafu, mfuko wa kulalia wenye zipu, godoro lenye R ya juu, na hema linalostahimili upepo. Wengi hubadilisha viatu katikati ya safari, wakatumiwa buti kwa posta kwa sehemu hiyo tu, kisha wakazirudisha.

Kama njia inapita kote huko, panga kwa sehemu ngumu kuliko zote katika vitu vya usiku, na kwa sehemu ndefu kuliko zote katika viatu na nguo. Kulala na baridi ni hatari. Kutembea na nguo isiyo bora kabisa kwa siku kumi ni usumbufu.

Kama fedha ni kidogo: zitie kwanza kwenye viatu, kisha godoro na kitu cha kujifunika, kisha kinga ya mvua. Fulana ya mazoezi uliyo nayo, suruali nyepesi ya nailoni na flisi ya zamani vitakupeleka mbali. Hema la kisasa linaweza kusubiri.

Na kama bado huwezi kuamua kati ya viwili, subiri utabiri wa mvua, funga mkoba kamili wenye chakula cha siku tatu, katembee na kulala nje usiku mbili. Asubuhi ya tatu, kabla hujaanika chochote, toa kila kitu ukiweke chini, uguse kimoja kimoja: hiki kimekauka, hiki kina ubichi, hiki sikukitumia. Andika hapohapo ukiwa bado na mikono baridi, na orodha hiyo ndiyo uende nayo dukani.